Baiskeli ya Shimo la Lufingo

Mkuu wa upelelezi wa wilaya alitaka jalada la Lufingo lifungwe kabla ya Ijumaa, na hakuona sababu ya kulizungusha jambo hilo.

"Mtu kafa wakati wa vita vya Hitla, Tulinagwe," alisema akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi, funguo za gari mkononi. "Aliyemuua naye keshakufa. Tutampandisha nani kizimbani?"

"Bado sijajua kama ni wakati wa vita, afande."

"Mwenye shamba si amesema?"

"Amesema."

"Sasa?"

"Amesema haraka mno," alijibu Mkaguzi Msaidizi Tulinagwe Mwangoka. "Vibarua walikuwa hawajamaliza kutoa mfupa wa kwanza, yeye keshataja jina."

Mkuu wake alimtazama, akacheka kidogo kwa pua, akamwachia mpaka hiyo Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumanne.

Siku tisa nyuma, vibarua walikuwa wakichimba msingi wa banda la kukusanyia parachichi katika shamba la Mzee Anyosisye Mwaseba, kule Lufingo. Kona moja ya msingi iligoma kufika kwenye udongo mgumu. Kila walivyochimba, udongo ulizidi kuwa mweusi na laini kama majivu yaliyolowa. Waliendelea kushuka wakitafuta pa kukalisha jiwe la kwanza, na kwenye futi ya saba sururu ikagonga chuma. Ilikuwa ringi ya baiskeli. Chini ya baiskeli palikuwa na mifupa ya mtu. Lilikuwa shimo la choo cha zamani, ambalo hakuna kibarua aliyejua kama lilipata kuwepo.

Mifupa ilipelekwa Mbeya. Daktari aliandika nusu ukurasa: mwanamume, umri kati ya miaka ishirini na mitano na arobaini, fuvu limepasuliwa kisogoni kwa kitu chenye makali mapana, pengine jembe. Amekaa ardhini zaidi ya miaka hamsini. Kama ni sitini au tisini, mifupa haikusema. Nguo zilikwisha kuoza. Vilivyobaki ni vifungo vinne na baiskeli.

Mzee Anyosisye, mwenye miaka themanini na minane, alikuwa ametoa maelezo mafupi. Huyo ni Mwalimu Jacob wa shule ya misheni. Alipotea mwaka 1943, Anyosisye akiwa mtoto wa miaka saba. Alikuwa na baiskeli. Watu walisema kaliwa na chui.

Tulinagwe alikwenda kuuliza kanisani, akaambiwa ni kweli: Mwalimu Jacob alikuwepo, na mwaka huo alipotea. Jina lilikuwa sahihi na mwaka ulikuwa sahihi. Basi akaona aiulize baiskeli yenyewe.

Duka la Bi. Asia binti Husseni liko upande wa chini wa soko la Tukuyu. Siku hizi mbele ya duka hutundikwa spea za bodaboda, maana ndizo zinazotoka. Lakini ukipita nyuma ya kaunta unakuta rafu za spea za baiskeli alizozianza baba yake, fundi Husseni, kabla binti huyo hajazaliwa. Bi. Asia alikuwa na miaka sabini na minne. Alijifunza kupanga gololi kwa ukubwa wake kabla ya kujifunza kusoma, na mafundi wa wilaya nzima wakishindwana juu ya kipuri huishia kwake.

Koplo Boniface, aliyekuwa akimsaidia Tulinagwe katika jalada hilo, aliishusha baiskeli kutoka kwenye gari, akailaza juu ya turubai uani. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, na ukungu ulikuwa bado umekalia mabati.

"Shikamoo, Bi. Asia."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Nataka kujua ni ya mwaka gani."

Bi. Asia alivuta kigoda, akajifunga ushungi vizuri, akaitazama baiskeli kwa muda bila kuigusa. Kisha alichukua bisibisi, akaanza kubandua udongo uliokauka kwenye sahani ya mnyororo, pale pedali zinapofungwa. Chini ya udongo na kutu vikatokea vichwa vitatu vya ndege wenye midomo mirefu, vimekatwa ndani ya chuma chenyewe.

"Korongo," alisema. "Hii Raleigh. Lakini korongo hawatakusaidia kwa mwaka. Walikuwepo kabla ya vita, wakaendelea kuwepo baada ya vita. Boniface, lete ile chupa ya mafuta ya taa."

Alisugua mahali fremu inaposhika nguzo ya tandiko. Alisugua taratibu, kwa mswaki, akifuta na kitambaa, mpaka zikaonekana namba. Mbili zilikuwa zimeliwa na kutu. Alizisoma zilizobaki, akamwambia Boniface aziandike, kisha akainuka na kuwaongoza hadi stoo. Humo, juu ya misumari miwili, ilining'inia baiskeli nyeusi iliyopakwa grisi.

"Ya marehemu baba. Aliinunua mpya Mbeya mwaka thelathini na nane. Soma namba."

Boniface alisoma. Herufi ya mwanzo ilikuwa ile ile, na namba za mwanzo zilifuatana na zile za uani kwa karibu sana.

"Yenu imeitangulia kidogo hii," Bi. Asia alisema. "Mwaka thelathini na saba, au mwanzo mwanzo wa thelathini na nane. Na tazama uma wa mbele, bado una chembe za ule mng'aro wa fedha. Baba alituambia vita vilipoanza walikuwa wanazipaka rangi nyeusi tu kila mahali. Hii ni ya kabla ya vita."

Tulinagwe aliandika. Mwaka thelathini na saba. Mwalimu Jacob alipotea arobaini na tatu. Kila kitu kiliangukia pale pale Mzee Anyosisye alipokielekeza. Alifunga daftari, akamshukuru, akamwambia Boniface waipakie.

"Mnakwenda wapi?" Bi. Asia aliuliza.

"Umeshatujibu, mama."

"Nimekujibu fremu. Baiskeli si ng'ombe, ukamtazama meno ukajua umri wake wote. Hapa wanakuja watu na fremu za babu zao, vingine vyote vya Kichina. Wewe unataka kujua fremu ilitengenezwa lini, au unataka kujua iliingia shimoni lini?"

Tulinagwe alifungua daftari tena.

"Iliingia shimoni lini."

"Basi tafuta kitu kichanga kuliko vyote. Haikuweza kufukiwa kabla hicho hakijatengenezwa."

Walikitafuta kwa saa mbili. Matairi yalikuwa yamebaki nyaya tu. Mnyororo haukuwa na alama. Tandiko lilikuwa limeoza, spoku zilikuwa spoku. Mwisho Bi. Asia alifika kwenye gurudumu la nyuma, kwenye habu, lile gogo la chuma la katikati ambamo spoku zote huanzia. Lilikuwa limevikwa donge la udongo uliogandamana na grisi ya zamani. Alipolibandua, aliipima habu kwa vidole.

"Nene mno," alisema. "Habu ya baiskeli ya kawaida ni nyembamba, kama ya mbele hapa. Na hii ekseli yake imetobolewa katikati. Unaona tundu? Hapo hupita kimnyororo kidogo cha kuvutia gia. Hii ina gia tatu, zote zimo ndani."

"Zilikuwepo kabla ya vita?"

"Zilikuwepo Ulaya. Sasa tuone hii."

Alisugua kwa mafuta ya taa, akafuta, akakausha. Akavunja chaki, akaipaka juu ya chuma na kuifuta kwa kiganja, na ule weupe ukabaki kwenye mikwaruzo tu. Herufi A. Herufi W. Chini yake, namba tano na nane, na pembeni yake nne iliyokaa peke yake.

"Hamsini na nane," alisema Bi. Asia. "Mwezi wa nne."

"Una hakika si namba ya kipuri tu?"

Mama hakukasirika. Alimtuma Boniface rafu ya chini, boksi la bati. Ndani yake mlikuwa na habu kuukuu saba, aina ile ile. Walizipanga juu ya turubai, Tulinagwe akazisoma mwenyewe moja moja. Hamsini na sita, kumi na moja. Sitini na moja, mbili. Sitini na mbili, tisa. Hakuna namba ya pembeni iliyovuka kumi na mbili, na hakuna iliyokuwa sifuri.

"Umepata mwezi wa kumi na tatu?" Bi. Asia aliuliza.

"Sijaupata."

"Ilitengenezwa Uingereza Aprili ya hamsini na nane. Ipande meli, ishuke Dar es Salaam, ifike huku. Mwisho wa mwaka huo, au hamsini na tisa."

Mwaka 1958 Mwalimu Jacob alikuwa na miaka kumi na mitano tangu apotee. Wakati huo yule mtoto wa miaka saba alikuwa kijana wa ishirini na mbili, mwenye mikono ya kushika jembe.

Jumatano asubuhi Tulinagwe alimpigia simu mtendaji wa kijiji, Sekela, akamwomba swali moja tu liulizwe kwa wazee: nani alipotea Lufingo kuanzia mwaka hamsini na nane hadi sabini? Jibu lilikuja kabla ya saa nne.

"Hakuna aliyepotea, afande," alisema Sekela. "Kuna aliyeondoka. Lukasi Mwaseba, kaka yake Mzee Anyosisye. Alikwenda Wenela mwaka hamsini na tisa, machimbo ya Afrika Kusini, akalowea huko huko. Alikuwa bwana shamba wa kahawa. Ana binti, Atupokile. Anaishi Nkunga, kwa wajomba zake."

Atupokile alikuwa akichambua maharage barazani. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sabini na moja, na alimsikiliza Tulinagwe akijieleza bila kuacha kuchambua.

"Baba mdogo alileta habari mwenyewe," alisema. "Kwamba baba kapanda lori la kahawa, kaenda Wenela. Baada ya mwaka akasema wasafiri wamemwona Johannesburg na mke mwingine. Mama alingoja kwenye lile shamba la juu miaka miwili. Halafu baba mdogo akasema shamba si la mwanamke aliyeachwa. Tukaja huku kwa wajomba."

"Mama yupo?"

"Alifariki themanini na saba. Mpaka anakufa walimwita mke wa Wenela."

"Unamkumbuka baba yako?"

"Nilikuwa na miaka sita. Uso siukumbuki sawasawa." Alitupa jiwe dogo uani. "Nakumbuka baiskeli."

Tulinagwe hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Ilikuwaje?"

"Nyeusi. Aliachiwa na mmisionari aliyerudi kwao. Ilikuwa kuukuu, lakini aliitengeneza mwaka ule wa mwisho, ikawa inalia. Tik, tik, tik."

"Baiskeli zote hulia hivyo, mama. Ukiacha kukanyaga, ikishuka yenyewe."

"Sisemi kushuka. Kwetu ni juu, mteremko ni wa kuondoka. Jioni akirudi alikuwa anapita tambarare ya kanisani, huku anakanyaga, na tunaisikia ikilia. Akifika chini ya mwinuko wetu inanyamaza. Mama anasema, amenyamaza, bandikeni maji. Maji yakipata moto na yeye yupo mlangoni."

"Ikinyamaza alikuwa ameshuka anaisukuma?"

"Mma. Hakuwa anaisukuma. Alikuwa anafika amekaa juu yake, watu wanashangaa."

Tulinagwe aliomba samahani, akatoka hadi barabarani mahali penye mtandao, akampigia Bi. Asia. Alimweleza alichosikia neno kwa neno. Upande wa pili ilisikika sauti ya kitu kikizungushwa.

"Mtoto kasema kweli," alisema Bi. Asia. "Ya kawaida ukiikanyaga iko kimya. Hii ya gia tatu, kwenye gia ya tambarare inalia wakati unakanyaga. Ukivuta gia ya mlima, inanyamaza. Hapa ninayo mkononi, sikiliza."

Tulinagwe alisikiliza. Ililia, kisha ikanyamaza.

Hata hivyo hakuridhika. Maneno ya mtoto wa miaka sita, yaliyokaa miaka sitini na mitano, wakili angeyapangua kabla ya chai ya saa nne. Alihitaji mtu mwingine aitaje baiskeli hiyo, mtu mzima, aliyeijua vizuri. Na mtu huyo alikuwa hai.

Mzee Anyosisye aliwapokea mchana huo sebuleni kwake, amevaa koti zito na kofia ya sufu. Mkwe wake aliwaletea chai, akaondoka. Sekela, mtendaji, alikaa pembeni kama shahidi. Koplo Boniface aliweka karatasi kwenye meza. Mfuko wa turubai aliuacha chini, karibu na mguu wa kiti cha Tulinagwe.

"Ugonile, taata," Tulinagwe alisalimu.

"Ndaga. Umetoka Tukuyu na baridi hii?"

"Kazi, taata. Lakini kabla hatujazungumza, nikwambie. Mtu amekutwa amekufa shambani mwako. Si lazima useme neno lolote. Ukisema, tutaandika, na linaweza kusomwa mahakamani. Kama unataka ndugu akae hapa, au wakili, tunangoja." Alirudia yote kwa Kinyakyusa, polepole.

Mzee alipunga mkono. "Nina miaka themanini na minane. Nimwogope nani? Uliza tu."

"Nataka kumwondoa mtu kwenye orodha. Kaka yako, Lukasi."

"Lukasi hayumo katika jambo hili. Alikwenda Wenela."

"Ndivyo nilivyoambiwa. Aliondoka lini?"

"Hamsini na tisa, mwezi wa sita. Tulikuwa tunavuna kahawa."

"Alisindikizwa na nani?"

"Na mimi. Mpaka Mbeya, kwa lori la kahawa."

"Bwana shamba, mwenye baiskeli, aliondoka akaiacha?"

"Aliiacha? Tuliipakia lorini. Akaiuza kule kule Mbeya, kwa mtu wa Chunya. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu."

Boniface aliandika. Tulinagwe alikunywa chai.

"Nasikia ilikuwa baiskeli ya kawaida tu."

Mzee alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka kidogo.

"Nani kasema? Ilikuwa na gia. Tatu. Aliziagiza mwenyewe, zikakaa miezi njiani. Hapa kwenye usukani kulikuwa na kikono kidogo, unavuta kwa kidole. Ule mwinuko wa kwetu juu... wa kwake juu, sisi wote tulikuwa tunasukuma. Yeye anapanda amekaa, kama bwana mkubwa."

"Hapa Lufingo nani mwingine alikuwa nayo ya namna hiyo?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Mma. Hata kwa Wazungu wa chai sikuiona. Lukasi peke yake."

"Na Mwalimu Jacob?"

"Jacob alikuwa na ya kawaida. Siku zake gia hizo zilikuwa hazijafika huku."

"Nimwandike hivyo?"

"Mwandike."

Boniface alimaliza, akayasoma maelezo yote kwa sauti tangu mwanzo. Mzee alisahihisha mahali pamoja: mtu wa Chunya alikuwa na kofia ya kijani. Alibonyeza kidole gumba kwenye wino, akatia alama, Sekela akasaini chini yake. Tulinagwe alizikunja karatasi, akazitia kwenye jalada, akalifunga. Ndipo alipoinama, akafungua mfuko, akaweka habu juu ya meza, kati ya vikombe.

"Hii ilikuwa kwenye gurudumu la nyuma," alisema. "La baiskeli ya shimoni."

Mzee Anyosisye hakuuliza ni kitu gani. Aliichukua kwa mikono miwili. Chaki ilikuwa bado ipo, na herufi zilisomeka. Alipitisha kidole juu yake, kile chenye wino, akaacha doa la buluu karibu na ile nane. Nje mkwe wake alikuwa akiita kuku. Sekela alimtazama Tulinagwe, na Tulinagwe akamtazama mzee.

"Mlisema ni ya Jacob," alisema mzee.

"Wewe ndiye uliyesema, taata."

"Ee." Aliirudisha mezani kwa uangalifu. "Mimi ndiye."

"Bado huna lazima ya kusema."

"Baba yetu alimpa yeye shamba la juu. Lote. Mimi nikapewa bondeni, kwenye maji, ambako kahawa ilikuwa inaoza mizizi. Yeye alikuwa na mshahara wa serikali, na shamba la juu akapewa yeye." Alizungumza bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza mipaka kwa mpimaji. "Siku ile nilimngoja pale choo cha zamani kilipokuwa. Kilikuwa hakitumiki, tulikuwa tunakifukia. Nilikuwa na jembe kwa sababu hiyo. Sikulichukua kwa ajili yake."

"Saa ngapi?"

"Jioni. Alikuwa anatoka kazini Nkunga, anapanda. Kwenye kariya amefunga mkate. Nikamwambia, shuka, tuzungumze habari ya mpaka. Hakushuka. Akasema watoto wanamngoja, tutazungumza Jumapili. Akanipita." Aliitazama habu pale mezani. "Kama angeshuka tungezungumza."

Koplo Boniface alikuwa ameacha kuandika. Tulinagwe alimgusa kiwiko, naye akaendelea.

"Na baiskeli?" Tulinagwe aliuliza.

"Ningeipeleka wapi? Kila mtu alikuwa anaijua."

Walimkalisha kiti cha mbele, kwa sababu ya magoti yake. Alipoingia garini aliomba kofia ishushwe masikioni, mkwe wake akamshushia. Maelezo ya onyo yalichukuliwa upya kituoni Tukuyu mbele ya mjukuu wake, aliyekuja na sweta na dawa za presha. Mzee aliyarudia yote vile vile, isipokuwa mtu wa Chunya, ambaye hakuwepo tena. Mkuu wa upelelezi aliyasoma kurasa zote amesimama.

"Na yule mwalimu?" aliuliza. "Jacob?"

"Huyo bado hatujui alipo, afande."

"Kwa hiyo nilikupa jalada moja ulifunge, umeniletea mawili."

"Ndiyo, afande."

Alhamisi asubuhi Tulinagwe alirudi Nkunga peke yake. Maelezo ya mzee yalikuwepo, habu ilikuwepo, lakini mifupa yenyewe ilikuwa haijapata jina, na mahakama ingelitaka. Alikuwa amebeba bahasha yenye vijiti viwili vyenye pamba, vya kuchukulia mate, vikalinganishwe na mifupa.

Atupokile alimsikiliza tangu mwanzo hadi mwisho akiwa ameketi kwenye benchi lile lile la barazani. Hakulia. Mara moja tu alishika ukingo wa kitenge chake na kukikunja, kisha akakikunjua. Tulinagwe alimwambia kuhusu shimo, kuhusu jembe, na kwamba baba yake hakufika Mbeya wala Johannesburg wala popote. Alimwambia kwamba shamba la juu lina sheria zake, na kwamba ofisi ya msaada wa kisheria ingemsikiliza akitaka. Atupokile aliliweka kando la shamba.

"Nikuulize, mwanangu."

"Uliza, mama."

"Siku hiyo alikuwa anaondoka, au alikuwa anarudi?"

Tulinagwe hakuwa amelifikiria swali hilo kuwa ni swali. Alilifungua jalada, akatafuta ukurasa, ingawa maneno yenyewe aliyajua.

"Alikuwa anarudi. Alikuwa na mkate kwenye kariya. Baba yako mdogo alimwambia ashuke, akakataa kwa sababu nyinyi mlikuwa mnamngoja. Amesema mwenyewe, na yameandikwa."

Atupokile alitazama upande wa mgomba uliokuwa unadondosha maji ya ukungu. Midomo yake ilisogea, na Tulinagwe akadhani anasali, kisha akaona kwamba anamwambia mtu jambo, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, na kwamba mtu huyo ni mama yake. Aligeuza uso asisikie.

"Haya," alisema Atupokile baadaye. "Kiko wapi hicho kijiti?"

Tulinagwe alivaa glavu, akafungua bahasha. Alimweleza kwamba hakiumi, kwamba kinapitishwa ndani ya shavu tu, na kwamba majibu yangechukua wiki kadhaa. Atupokile alifungua kinywa. Tulinagwe alipitisha kijiti mara kumi, kama alivyofundishwa, akakifunga, akaandika jina, tarehe na saa.

"Tayari, mama. Kimetosha. Kile kingine ni cha akiba tu."

"Chukua na hicho," alisema Atupokile, akageuza shavu la pili. "Wasije wakasema kimoja hakikutosha."